Chumba cha chini, gereji au chumba kipya uani? Ulinganisho wa ofisi ya nyumbani kwa nyumba za mteremko Mbeya, Iringa na Njombe

Nyumba nyingi za Nyanda za Juu Kusini zimekaa mlimani, na mteremko humwachia mwenye nyumba kitu ambacho mtu wa tambarare hana: nafasi chini ya sakafu. Ukisimama upande wa barabara unaona nyumba ya kawaida. Ukizunguka upande wa bondeni unakuta ukuta mrefu, mlango mdogo wa mbao, na ndani yake majembe, viroba vya viazi na bati chakavu. Chumba hicho ndicho kinachokuja akilini kwanza mtu anapotaka ofisi au karakana ndogo bila kulipa pango la mjini.

Kina washindani wawili: gereji au stoo ya usawa wa ardhi iliyokwishajengwa, na chumba kipya kinachoanzia msingi uani. Tunavilinganisha vitatu hivi kwa mambo yanayoamua kweli, yaani maji, baridi, mteja anavyofika, na kiasi cha vifaa. Bei za shilingi hatuziweki kwa sababu bei ya mfuko wa saruji Uyole si bei ya mfuko Makete. Tunatoa idadi, wewe zidisha kwa bei ya duka lako.

Msimamo wetu tuuseme mapema. Chumba cha chini ni chaguo zuri iwapo angalau ukuta mmoja uko wazi kwa kimo chote, na maji ya nyuma ya kuta zilizozama yanaweza kutoka kwa kushuka yenyewe, bila pampu. Kama kuta zote nne zimezama, andagraundi kamili, kiache kibaki stoo. Pesa utakayopigania nayo maji humo inatosha kujenga chumba kipya juu.

Kukagua kabla ya kuamua

Kosa kubwa hufanyika kwenye kalenda. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi hadi Aprili, na Tukuyu huendelea hadi Mei na kupita. Mtu anakagua chumba cha chini mwezi Septemba, anakikuta kikavu kama kibiriti, anapiga plasta na rangi, anaweka meza. Februari rangi inavimba. Chumba kikaguliwe kati ya Februari na Aprili, udongo ukiwa umeshiba, na kazi ya kuchimba ifanyike kati ya Juni na Oktoba. Hakuna njia ya mkato hapa.

Kipimo cha sakafu ni rahisi. Kata nailoni ya sentimita 60 kwa 60, ibandike sakafuni kwa gundi ya utepe pande zote nne pasibaki upenyo, iache siku mbili au tatu. Ukikuta matone upande wa chini wa nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukikuta upande wa juu, ni hewa ya chumba inayogusa sakafu baridi na kugeuka maji, na hiyo tiba yake ni madirisha na joto. Fanya vivyo hivyo ukutani. Wengi huchanganya haya mawili na kununua dawa isiyohusika.

Angalia pia unga mweupe kwenye matofali ya kuchoma. Hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji yaliyopita ndani ya ukuta, na mstari wake wa juu unakuonyesha maji yalifika wapi. Ukuta ukilowa wakati wa kiangazi, mvua haina hatia: tafuta bomba linalovuja, shimo la choo au karo lililochimbwa upande wa juu, au bustani inayomwagiliwa juu ya ukuta. Migomba iliyopandwa ikiegemea nyumba ni jambo la kawaida Rungwe, na kila ndoo inayomwagiwa migomba hiyo inaishia ndani ya chumba chako.

Udongo nao una tabia yake. Mbeya na Rungwe kuna majivu ya volkano, mepesi, yanapitisha maji haraka. Mtaro wa kuondoa maji hufanya kazi vizuri, lakini kingo za shimo humomonyoka. Iringa, hasa mitaa ya miinuko kama Gangilonga na Wilolesi, mwamba wa matale hauko mbali. Maji yanashuka hadi kwenye mwamba kisha yanatembea juu yake, na pale ulipokata mlima ili ujenge ndipo yanapotokea. Mvua ya Iringa ni ndogo kuliko ya Mbeya, lakini chemchemi ya namna hiyo huweza kutiririka wiki kadhaa baada ya mvua kukatika.

Chumba cha chini

Tuchukue mfano wa chumba cha mita 4 kwa 5, kimo mita 2.4, ukuta wa nyuma wa mita 5 umezama wote na kuta mbili za pembeni zimezama nusunusu kufuata mteremko.

Kimo ndicho cha kwanza. Chini ya mita 2.3, baada ya kuweka sakafu mpya na dari, mtu mrefu atakuwa anainama chini ya taa. Fundi atakuambia, "Tunashusha tu sakafu." Kabla hujakubali, chimbeni shimo la sentimita 40 kwa 40 kwenye kona ya ndani hadi muone mwisho wa chini wa msingi. Ukishusha sakafu kupita hapo, umeondoa udongo unaoshika nyumba nzima. Kuongeza kina cha msingi kwa vipande kunawezekana, lakini ni kazi ya mhandisi, kipande cha mita moja kwa zamu, na gharama yake hufuta faida yote ya kutumia chumba kilichokuwepo.

Ya pili ni gata. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 alasiri moja, jambo lisilo la ajabu Mbeya mwezi Januari, linamwaga lita 4,800, karibu simtanki nzima ya lita 5,000. Nyumba isiyo na gata inamwaga nusu ya maji hayo nyuma ya ukuta wako uliozama. Kabla ya kununua dawa yoyote ya kupaka, weka gata na upeleke maji kwenye tanki au kwenye mfereji unaotoka nje ya kiwanja. Kuna vyumba vinavyokauka kwa hatua hii peke yake.

Visipokauka, kuna kuchimba nje. Kazi inakwenda hivi:

Chimba kandokando ya ukuta uliozama, upana wa sentimita 80 ili mtu aweze kufanya kazi, hadi usawa wa sakafu ya ndani ukishuka kidogo, lakini kamwe usipite chini ya msingi. Usifungue mita zote 5 kwa siku moja. Fungua mita 2 au 3, maliza, funika, endelea. Shimo la mita 2 kwenye udongo wa majivu linaweza kumfukia mtu bila dalili, kwa hiyo kingo zilazwe au zishikwe kwa mbao na mirunda, na udongo uliotolewa ukae mita moja mbali na ukingo. Safisha ukuta kwa brashi ya waya, ziba mashimo kwa plasta ya saruji na mchanga 1:3, ikauke, kisha paka lami nyeusi mikono miwili. Mkono wa pili upite kinyume cha wa kwanza. Juu yake weka nailoni nzito ili kokoto zisikwaruze lami.

Chini kabisa tandika kitambaa cha kuchujia, weka sentimita 5 za kokoto, kisha bomba la PVC la inchi 4 lililotobolewa matundu ya milimita 8 au 10 kila baada ya sentimita 15, matundu yakitazama chini. Mteremko wake uwe sentimita 1 kwa kila mita, upimwe kwa mpira wa maji; macho yanadanganya. Jaza kokoto hadi nusu mita, funga kitambaa juu yake, ndipo urudishe udongo. Juu kabisa sindilia udongo wa mfinyanzi au weka zege jembamba linaloinamia mbali na nyumba. Kwa mfano wetu, bomba la kuzunguka na la kutoa maji hadi bondeni ni mita 17 hivi, yaani vipande vitatu vya mita 6, na kokoto mita za ujazo 3.5. Udongo wa kutoa unakaribia mita za ujazo 18. Hapo ndipo pesa inapokwenda, kwenye vibarua.

Mtaro wa namna hii hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuacha kitambaa cha kuchujia: tope linajaza nafasi kati ya kokoto ndani ya misimu michache. Kiroba si mbadala wake, kinaziba. Gunia la katani linaoza. Ya pili ni kutoweka mdomo wa kuzibulia. Kwenye kila kona simamisha kipande cha bomba hadi juu ya ardhi, kifunikwe kwa kofia, ili siku moja mpira wa maji uweze kupitishwa.

Ndani, kazi inaanzia chini. Tandika nailoni ya geji 1000, vipande vipishane sentimita 30 na kupanda ukutani sentimita 15, kisha mwaga zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) unene wa sentimita 7.5. Kwa mita za mraba 20 hiyo ni mita za ujazo 1.5: mifuko 10 ya saruji, mchanga mita za ujazo 0.7, kokoto 1.3. Ukuta upigwe plasta ya 1:4 yenye dawa ya kuzuia maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mifuko 6 ya saruji. Rangi ya mafuta ikae mbali na kuta zilizozama. Inaziba njia ya unyevu, unyevu unasukuma, ngozi ya rangi inabanduka kama viazi vilivyochemshwa. Chokaa au rangi ya maji huacha ukuta upumue, na zikichafuka unapaka tena kwa nusu siku.

Jipsamu ukutani tunaishauri kwa tahadhari. Kama mteja lazima aone ukuta laini, ijengwe kwenye fremu ya chuma au mbao zilizotibiwa dawa, iliyoachana na ukuta sentimita 5, na bodi ianzie sentimita 1.5 juu ya sakafu. Ikigusa sakafu, inanyonya maji kwa chini na kuota kuvu upande usiouona.

Mwanga na hewa vinatoka kwenye ukuta ulio wazi. Kipimo cha kazi ni dirisha lenye eneo la moja ya kumi ya sakafu, nusu yake ikifunguka. Kwa mita za mraba 20, hayo ni madirisha mawili ya mita 1 kwa 1 au moja la mita 1.7 kwa 1.2. Ukuta huu umebeba nyumba, kwa hiyo kutoboa dirisha jipya si kazi ya nyundo na bahati. Simamisha mirunda na mbao za kushikilia pande zote mbili, toboa, weka lenta, yaani boriti ya zege juu ya dirisha, inayoingia ukutani angalau sentimita 20 kila upande, yenye nondo 4 za milimita 12 na ringi za kuzifunga kila sentimita 20. Mirunda isitolewe kabla ya siku 14. Julai, usiku ukiwa wa baridi kali, subiri 21, kwa kuwa saruji hukomaa polepole kwenye baridi. Eneo hili liko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa, na tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 ni miongoni mwa makubwa yaliyorekodiwa Afrika. Ukuta uliotobolewa bila lenta ndio wa kwanza kupasuka.

Grili moja iwe ya bawaba, ifunguke kwa ndani. Chumba chenye mlango mmoja na grili zilizochomelewa hakina pa kutokea moto ukianzia mlangoni.

Halafu baridi. Ardhi hufuata wastani wa joto la mwaka, ambao kwa Mbeya ni nyuzi 17 au 18. Faida yake ni kwamba Oktoba, jua likiwaka, chumba kimetulia. Hasara ni kwamba mtu aliyekaa kwenye kompyuta kwa muda wa saa nane kwenye nyuzi 17 hupoa vidole, na Njombe ni baridi zaidi. Zulia nene au sakafu ya mbao juu ya vipande vya kunyanyulia husaidia kuliko vigae. Jiko la mkaa lisiingie humo, hata likiwa limeshika na halitoi moshi. Gesi ya sumu ya mkaa haina harufu, na chumba cha chini chenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi ndicho mahali pake hasa pa kuua. Jenereta vilevile: ikae nje, mbali na dirisha, isiwe kwenye korido ya ngazi.

Choo nacho kipimwe kwa mpira wa maji kabla ya kuchora chochote. Bomba la inchi 4 linahitaji kushuka sentimita 2.5 kwa kila mita hadi kwenye chemba. Sakafu ya chumba ikiwa chini ya chemba, hakuna choo humo bila pampu, na pampu ya majitaka nyumbani ni mateso. Wafanyakazi wapande juu.

Gereji au stoo ya usawa wa ardhi

Hii ndiyo njia fupi, na kwa nusu ya wanaouliza ndiyo jibu. Kuta zipo, bati lipo, maji ya ardhini si tatizo. Kasoro zake ni nne tu, zote zinatibika.

Sakafu ya gereji inainamia mlangoni. Kwa urefu wa mita 6 tofauti hufika sentimita 6 hadi 10. Kiti chenye magurudumu kitakuonyesha siku ya kwanza. Kuisawazisha kwa zege la wastani wa sentimita 8 kwenye gereji ya mita 3 kwa 6 kunataka mifuko 9 hivi. Kabla ya hapo, madoa ya oili yachongwe hadi zege safi lionekane, si kufagiwa wala kuoshwa kwa sabuni peke yake, maana zege jipya na gundi ya vigae havishiki juu ya oili. Vigae vikilia "ko ko" ukivigonga, sababu huwa hiyo.

Mlango mkubwa wa mita 2.4 kwa 2.1 unazibwa. Ukiweka mlango wa sentimita 90 na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2 pale pale, ukuta wa kujenga unabaki mita 1.4 tu za mraba. Matofali ya kuchoma 100 yanakutosha na ya kuvunjika. Unganisha ukuta mpya na wa zamani kwa vipande vya nondo kila matabaka manne, la sivyo ufa wa wima utatokea kwenye kiungo. Jenga kizingiti cha sentimita 10 hadi 15, kwa sababu gereji ilijengwa ili gari liingie, na mahali gari linapoingia, maji yanaingia.

Kasoro ya tatu ni bati tupu. Julai asubuhi linadondosha maji ya umande ndani, na mvua ikipiga husikii simu. Dari ya jipsamu au ya mbao za msonobari, ikiwa na nafasi ya hewa ya sentimita 20 au zaidi chini ya bati, inapunguza yote mawili. Mbao za Mafinga hununuliwa mara nyingi zikiwa mbichi. Zipangwe kivulini zikitenganishwa kwa fito kwa wiki kadhaa kabla ya kupigiliwa, ama zitajikunja na kuacha nyufa.

Ya nne: gari litalala wapi?

Chumba kipya uani

Kwa mita 3 kwa 4 za ndani, kimo mita 2.7, hesabu ya kuta ukitoa mlango na madirisha mawili ni mita za mraba 32. Matofali ya saruji ya inchi 6 huenda 10 kwa mita ya mraba, kwa hiyo 350 juu ya ardhi ukijumlisha ya kuvunjika, na 110 hivi ya msingi. Saruji ya msingi, jamvi, lenta, kujengea na plasta pande zote inafika mifuko 35 hadi 40. Ni zaidi ya mara mbili ya saruji ya chumba cha chini, lakini hakuna kinachofichika, ukikosea unaona.

Tatizo la mlimani ni kujenga nusu ya chumba juu ya udongo uliokatwa na nusu juu ya kifusi kilichojazwa. Kifusi kinashuka, mlima haushuki, na ufa unapita katikati ya sakafu kama umechorwa kwa rula. Msingi wa upande wa bondeni ushuke kwa ngazi hadi kwenye udongo wa asili, hata kama ni mita moja na nusu. Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, upana wake chini uwe karibu nusu ya kimo, na uwe na vipande vya PVC vya inchi 2 vya kutolea maji kila mita 1.5. Ukizidi mita moja na nusu, mwite mhandisi. Ukuta huu ukiwa lazima, mara nyingi unagharimu sawa na chumba chenyewe, na hapo chumba cha chini kinarudi kwenye mashindano.

Ngazi za nje zisimaliziwe kwa niru, yaani saruji laini ya kung'arisha. Zikilowa ni sabuni. Zikwaruzwe kwa ufagio zege likiwa bichi, kimo cha kila ngazi sentimita 16 au 17, pa kukanyagia sentimita 28.

Vikiwa bega kwa bega

| | Chumba cha chini | Gereji | Chumba kipya uani |
|---|---|---|---|
| Maji | Hatari kuu. Yatibiwe nje kwanza | Mlangoni tu | Hafifu, msingi ukiwa sawa |
| Julai | Baridi tulivu | Baridi ya asubuhi, joto la mchana | Kama gereji |
| Kelele ya mvua | Haisikiki | Kubwa bila dari | Kubwa bila dari |
| Mtandao wa simu | Dhaifu | Mzuri | Mzuri |
| Mteja na mzigo | Ngazi | Kirikuu hadi mlangoni | Hutegemea njia |
| Saruji kwa mifano yetu | Mifuko 16, pamoja na kuchimba nje | Karibu 12 | 35 hadi 40 |

Kazi ipi iende wapi

Mhasibu, mwalimu wa masomo ya mtandaoni, mchoraji ramani, mtu wa kurekodi sauti: chumba cha chini, bila wasiwasi, kikishakauka. Kimya chake hakipatikani kwingine nyumbani.

Steshenari hapana. Karatasi hunyonya unyevu, kingo zinajikunja, na mashine ya fotokopi inakwamisha kila ukurasa wa kumi. Mteja anadhani mashine ni mbovu. Ukitaka kujua mapema, mwezi Machi fungua rimu moja iache mezani humo wiki mbili, kisha ichapishe. Wakala wa fedha za simu naye apande juu, maana slabu na udongo vinameza mtandao, na mteja hasubiri ujumbe uchelewe. Fundi cherehani anaweza kukaa chini, ila vitambaa viwe kwenye rafu zilizoachana na ukuta wa nyuma. Pembejeo zisiwekwe chini ya vyumba vya kulala hata kama nafasi ipo: harufu ya viuatilifu hupanda, na mbolea ya urea hushika maji na kuwa mawe. Hizo ni za gereji.

Biashara inayoishi kwa wapita njia haiishi uani kabisa. Hiyo itafute fremu ya duka, na anayetaka kujijengea fremu yake kwenye kiwanja cha mbele kando ya barabara kuu ya TANZAM akumbuke kwamba hifadhi ya barabara kuu kwa Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Alama ya X ya kubomolewa haijali ubora wa plasta yako.

Kwa maeneo, tungesema hivi: Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, jenga juu isipokuwa chumba cha chini kina kuta mbili au zaidi zilizo wazi. Iringa mjini, chumba cha chini mara nyingi kinashinda. Mbeya mjini ni ukaguzi wa Februari unaoamua. Njombe na Makambako, gereji yenye dari nzuri.

Umeme, mtandao na kibali

Ofisi ipewe laini yake kutoka kwenye sanduku la breka: waya wa milimita za mraba 2.5 kwa soketi, 1.5 kwa taa, breka zake, na RCD ya milliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Kwenye chumba cha chini RCD ni lazima, kwa sababu sakafu yenye unyevu humfanya mtu awe njia ya umeme. Soketi zikae sentimita 45 juu ya sakafu au zaidi. Radi za Novemba na Desemba huingia kwa waya, basi weka kinga ya radi kwenye sanduku na upime ethi.

Matumizi yakokotolewe mapema. Kompyuta mpakato ya wati 60, saa 8, siku 26, ni uniti 12.5. Taa nne za LED za wati 12 kwa saa 9 ni uniti 11. Ruta ya wati 10 isiyozimwa ni 7. Jumla 31 hivi. Hita ya wati 2,000 kwa saa 4 tu kwa siku ni uniti 208, na mashine ya kukausha hewa ya wati 300 kwa saa 8 ni 62. Nyumba iliyoko kundi la D1 la TANESCO, ambalo bei yake nafuu inaishia uniti 75 kwa mwezi, itatolewa humo na hita ya ofisi peke yake. Kuzuia maji nje ni mara moja. Kukausha hewa ni kila mwezi.

Intaneti ya chumba cha chini isitegemee mawimbi kupenya slabu. Ruta ikae juu karibu na dirisha, kebo ya mtandao ishuke ndani ya bomba la waya la milimita 20 lililowekwa kabla ya plasta.

Kwa upande wa halmashauri, chumba kipya na kutoboa kuta zinazobeba nyumba vinahitaji kibali cha ujenzi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inahesabu pia kubadili matumizi ya kiwanja cha makazi kuwa uendelezaji wa kuombewa ruhusa, na afisa biashara atataka kujua eneo la biashara kabla ya kutoa leseni. Nenda mipango miji ukiwa na mchoro wa vipimo na picha za ukuta, mwezi Aprili au Mei, kusudi kibali kikipatikana uwe bado na kiangazi kizima mbele. Na kwa anayechimba: kabla ya kurudisha udongo kwenye mtaro, mwaga ndoo kumi za maji upande wa juu na umweke mtu mdomoni mwa bomba bondeni. Yasipotoka ndani ya dakika chache, fumua.